Piza Iliyopoa kwa Mgiriki

Kisangani, mtaa wa Mangobo
Jumapili, baada ya mvua kubwa

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanao Ramazani, ambaye ni mzima, anakula, analala, na miguu yake bado ni miwili. Naanza hivyo kwa sababu najua bahasha ikifika tu, kabla dada Mwavita hajaichana, utakuwa umekwisha kuuliza, "Ni mzima?" Ni mzima, mama. Na wewe je? Magoti yanakutesa mvua hizi? Ule mguu uliovimba umepungua? Na baba mdogo, kifua kimetulia? Niambieni yote, msinifiche kama mlivyonificha ugonjwa wa bibi, mkaniandikia kwamba ana mafua tu.

Dada Mwavita, wewe unayesoma, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua. Ukifika kwenye habari za msichana usianze kucheka peke yako huku mama anakutazama mdomo. Soma kwa sauti, mstari kwa mstari, ucheke baadaye.

Mama, barua yako niliipata kwa yule mfanyabiashara wa Kasongo anayeleta mchele kwa treni ya Ubundu. Ilikuwa imeloa pembeni lakini maneno yote yalisomeka. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni la mjomba: kama ni kweli huku Kisangani kuna nyumba ya piza ambayo amekuwa akiisifu hapo barazani tangu mimi sijaota meno ya pili, au ni uongo wake kama kawaida. La pili ni la Bolumbu: wazazi wake wanasemaje, au naumaliza ujana wangu bure kwa watu wa mto. Umeyaandika mbalimbali, lakini mimi nayajibu pamoja. Utaona mwenyewe yalivyoshikana.

Nianze na habari za kawaida. Kazi yangu bado ni ile ya msitu wa Masako. Jumatatu gari la universite linatupeleka mpaka pale matope yanapolishinda, kisha tunatembea. Natega panya wa msituni, nampima mkia na masikio, naandika, namwachia aende kwa ndugu zake. Najua hupendi niseme hivi mbele ya majirani. Waambie mwanao yuko kwenye utafiti, maana hilo pia ni kweli. Maisha yamekuwa magumu kidogo. Sukari imeadimika, chai tunakunywa chungu. Umeme unakuja siku unayojisikia. Na kila Jumamosi asubuhi ni salongo, tunafyeka kando ya barabara wote, mwalimu, daktari na muuza maandazi. Nyasi za huku kwa mvua hizi hazina adabu. Nilipata malaria pia, ikaisha. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu ungepanda lori siku ileile.

Sasa Bolumbu. Unamjua kwa barua za nyuma: ni yule muuguzi aliyenichoma sindano siku panya aliponiuma kidole. Baba yake, Papa Lotika, ni mtu wa Yanonge, chini ya mto. Kazi yake ni kupandisha pirogi, mtumbwi wake mrefu, mpaka mjini ikiwa imejaa samaki wa moshi na kuni. Huyo alinikubali mapema. Ni mtu wa kucheka, na akisikia habari za panya wangu ananiuliza kama na wao wana kadi ya chama. Lakini kwao, mama wa binti asiposema neno lake, wazee wa upande wa mume hawapokelewi hata wakija na mali ya dunia nzima. Na mama yake Bolumbu alikuwa hajasema neno. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Ilikuwa hivi: wakiwa mjini wanafikia kwa shangazi yake Bolumbu, ng'ambo ya mto, Lubunga. Navuka kwa bac, ile pantoni ya mto, nafika, napiga hodi. Mara ya kwanza mama alikaa, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akaitikia salamu. Mara zote zilizofuata, nikitokea tu mlangoni, yeye anainuka, anajitanda kitenge chake na kwenda nyuma jikoni, na harudi mpaka niondoke. Nilikuwa namsalimu kutoka palepale mlangoni, kwa sauti kubwa, naye anaitikia kutoka kwenye moshi. Basi. Nikimuuliza Bolumbu, ananiambia, "Mama iko hivyo, umuache." Mama, nilikonda. Nilijua anachokiwaza, au nilidhani najua: mtu wa Maniema, Mwislamu, mgeni, na kazi yake kupima panya. Nikirudi na bac nilikuwa naangalia maji tu.

Hapo ndipo nyumba ya piza ilipoingia.

Mjomba hakudanganya, nyumba ipo. Iko katikati ya mji, karibu na mto. Sasa juu ya mlango wameandika Restaurant Umoja, lakini ukimwambia mtu Umoja atakuuliza Umoja gani. Kila mtu anasema "kwa Mgiriki", ingawa Mgiriki mwenyewe aliondoka wakati maduka ya wageni yalipogawiwa raia, na mwenye nyumba siku hizi ni citoyen mmoja mwenye tumbo na abacost ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, ambaye hagusi unga. Mimi mpaka leo sijaelewa kwa nini Mgiriki alikuwa anapika chakula cha Waitaliano, lakini huku hakuna anayejiuliza. Kinachosemwa ni kwamba kama hujala kwa Mgiriki, wewe hujafika Kisangani, umepita tu. Madereva wa malori wanasema hivyo. Wanafunzi ambao hawajawahi kuingia ndio wanaosema zaidi ya wote. Na wazee wanaongeza kwamba zamani ilikuwa bora, wanatikisa kichwa, wanafunga macho, wewe unabaki unameza mate kwa chakula cha miaka iliyopita.

Papa Lotika ndiye aliyekuwa anapeleka pale kuni za kuchomea jiko lao, tangu enzi za Mgiriki mwenyewe. Miaka yote hiyo aliingilia mlango wa nyuma, akashusha mzigo, akasikia harufu, akaenda zake. Siku moja tukiwa tumekaa naye akaniambia, "Mwanangu, mimi njo niko napikisha ile piza. Kuni ni yangu. Lakini kinywa yangu haijaijua." Alikuwa anacheka, ila niliona kwamba inamuuma. Bolumbu akanitazama. Nami nikasema papohapo, "Papa, Jumapili tutaenda, na tutaingilia mlango wa mbele."

Nilikuwa nimemwalika yeye peke yake, mama. Naomba mlikumbuke hilo mkianza kunicheka.

Nilikwenda siku moja kabla kumuona mpishi, maana sikutaka aibu ya nyama. Kumbe mpishi ni mtu wa kwetu, Papa Saidi wa Kindu, ambaye alifundishwa kazi na Mgiriki. Nilipomuuliza kama piza ina nguruwe, akapangusa mikono kwenye eproni na kuniambia, "Ee mutoto ya Kasongo, weka roho chini. Nguruwe haiingiyake mu four, mu jiko yangu hii. Bon, kitu moja tu nikuambie: avion ya Goma haijashuka Simi-Simi, donc fromage iko kidogo. Nitajikaza." Fromage ni jibini, mama, maziwa yanayogandishwa mpaka yanakuwa magumu, ndiyo yanayowekwa juu ya piza, na yote yanaletwa Simi-Simi, uwanjani, na ndege kutoka milimani. Ndege isipokuja, mji mzima unajua kwamba kwa Mgiriki kuna shida.

Jumapili ikafika. Niliazima abacost ya jirani, ikanibana kwapani. Nikawangoja kivukoni. Bac ikafunga gati, nikamwona Papa Lotika amevaa kofia, nikamwona Bolumbu, na nyuma yao, amevaa kitenge chake cha sikukuu na kilemba kipya, mama yake. Moyo ulinipasuka kwa furaha na kwa hofu pamoja. Bolumbu akanisogelea na kuninong'oneza, "Alisikia jina ya kwa Mgiriki, akasema naye anaenda. Sikuweza kukatala." Nikawaza: leo ni leo. Leo nitamlisha kitu ambacho hajawahi kukiona, ataniona mimi ni mtu, na atasema neno lake.

Mhudumu alikuwa mzee mmoja mwenye koti jeupe na sura ya kuchoka. Alituweka kwenye meza moja dirishani, nzuri, yenye kitambaa, viti vinne. Papa huku, Bolumbu kule, na mimi uso kwa uso na mama yake. Dada Mwavita, angalia mama hapo. Nina hakika ameshaanza kushika kichwa. Angekuwepo angenivuta sikio kabla sijakaa. Lakini mimi sikuona kitu. Nilikuwa nashughulika na kwapa.

Piza ikaletwa, kubwa, moja, ya watu wote. Mjomba alisema ni kama gurudumu la baiskeli. Si gurudumu, ni ungo, na ni ungo mdogo. Mkate wake ni mwembamba, pembeni umeungua kidogo na una harufu ya kuni, na hapo Papa Lotika aliinua kidole na kusema, "Hiyo moshi ni yangu." Nyanya zilikuwa za kopo, hilo nililijua kwa ulimi. Jibini lilikuwa limetandazwa kwa huruma, mahali lipo, mahali umepita tu uvumi wake. Ili kuziba mapengo Papa Saidi alikuwa ameweka samaki wa moshi aliyechambuliwa na pilipili mbichi. Mambo haya Mwitaliano sidhani anayajua. Nilikata kipande, nikauma. Nikwambie ukweli? Sifa zile haikuzifikia. Kwa jinsi mjomba alivyosimulia, nilitegemea kulia machozi. Ilikuwa tamu, tamu kabisa, lakini tamu ya chakula cha hapa duniani.

Basi nikala. Nilikula vizuri, ili mwenyeji asionekane anaogopa chakula chake. Jibini lilikuwa linavutika kutoka mdomoni mpaka kwenye sahani, nami nalifukuza kwa kidevu. Papa anakula na kusifia. Bolumbu anakula taratibu, macho chini. Ndipo nikainua uso na kuona kwamba mama yake hajagusa kitu. Alikuwa amegeuza kiti. Amenipa bega, ameelekea ukutani, na upande wa kitenge ameuvuta mpaka kwenye shavu. Kipande nilichomkatia kilikuwa mbele yake, kizima.

Nikasema, "Mama, karibu, kitapoa." Alimwinamia Bolumbu akasema kitu kwa lugha yao, Bolumbu akaniambia, "Anasema asanti, munakula tu." Nikangoja. Nikasema tena, "Pengine anapenda bila pilipili?" Akamwinamia Bolumbu tena. "Anasema asanti." Yaani mtu yuko upande wa pili wa meza hiyohiyo, na maneno yake yananifikia kwa kuzunguka. Jibini la kwenye kipande chake likakauka, likawa jeupe. Papa Lotika aliona, akaanza kuzungumza kwa nguvu juu ya bei ya samaki. Mama, chakula kilinigeukia udongo. Nikajua ndiyo majibu. Hakunikatalia kwa maneno kwa sababu ya adabu, lakini amekuja mpaka hapa, mbele ya mji mzima, kuonyesha kwamba hata chakula changu hakipokei. Nilishaanza kupanga moyoni namna ya kukuandikia barua nyingine, siyo hii.

Yule mhudumu alikuwa anapita na kurudi, akikitazama kile kipande. Nadhani watu wa mji huu wako radhi uwatukane wao kuliko ukatae piza yao. Mwishowe akasimama kabisa pembeni ya meza, mikono kiunoni.

"Mama," akasema, "njo nini? Piza yetu iko mubaya? Batu banatokaka mpaka Bengamisa juu ya kuikula, na wewe unaigeuzia mugongo?"

Nikafumba macho. Na hapo, mama, nikasikia sauti ya mama yake Bolumbu, kwa Kiswahili, wazi, na meza za jirani zote zikasikia.

"Haiko mubaya. Harufu yake iko inaniua na njala. Lakini wewe papa muzima hivi, uliona wapi mama anafungula kinywa mbele ya bokilo yake?"

Bokilo, kwa lugha ya huku, ni mkwe.

Papa Lotika aliweka kipande chini. "Heh! Mama Bolumbu! Njo unasema leo? Mu restaurant?"

"Na nitasema wapi ingine?" akajibu, bado anautazama ukuta. "Munaniweka naye meza moja, njala iko inanikata, yeye iko anatafuna mbele yangu tu. Nifanye nini? Nilisema kwa miguu yangu kila siku, hakuna mutu anasikia. Akikuya, ninainuka. Akikuya, ninainuka. Munazani napenda moshi?"

Mhudumu akashika mdomo. Bolumbu alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakawa yanatikisika, sikujua kama analia au anacheka. Baadaye aliniambia ni vyote. Yeye alilelewa bweni kwa masista, mambo ya kijijini kwao mengine anayajua nusu, na alidhani kama mimi kwamba mama yake anakimbilia jikoni kwa sababu hajaamua.

Sasa unicheke, mama, nimekupa ruhusa. Desturi hiyo mimi naijua. Hata kwetu mtu hakai akatafuna mbele ya mama mkwe wake kama mbuzi. Lakini nilidhani heshima hiyo inaanza siku mali inapopokelewa na wazee wanaposhikana mikono. Sikujua kwamba mama anaweza kuianza yeye mwenyewe, mapema, kimya kimya, kwa kukuhesabu wake. Siku ile ya kwanza aliponitazama mpaka viatu, ndipo alipokuwa ananipima. Baada ya pale alikuwa amekwisha kata shauri. Na unajua kilichompendeza? Bolumbu alimuuliza kesho yake. Alisema vijana wengine mama akiingia jikoni wanamfuata kuomba maji ya kunywa, ili waonekane na kuzoeleka, lakini huyu wa Maniema alibaki mlangoni, akasalimu kutoka mbali, akaondoka bila kumchungulia. Akasema, huyu wazazi wake walimfundisha. Mama, mimi nilibaki mlangoni kwa sababu nilikuwa naogopa kuingia. Lakini sifa nimekupelekea wewe, ipokee.

Turudi mezani. Nilisimama. Kukaa ni aibu, kula ni aibu, na kusema kitu siwezi, maana hatusemeshani uso kwa uso. Nikaokota kipande changu, nikainama kidogo upande wake bila kumtazama, nikatoka kwa mlango wa nyuma, uleule wa kuni. Papa Saidi alikuwa uani anapumzika. Aliponiona na kipande mkononi na abacost imefunguka vifungo, akaruka. "Bamekufukuza?" Nikamwambia, "Hapana, papa. Wamenipokea." Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaniombea dua ya kweli, mikono yote miwili juu, pale kwenye magogo ya baba mkwe wangu. Nilikula kipande changu nimesimama. Kilikuwa kimepoa na kuwa kigumu, na mkate wenyewe ukawa unavunjika. Mama, sijawahi kula kitu kitamu hivyo tangu nitoke nyumbani kwako.

Baada ya muda Bolumbu akachungulia mlangoni, macho mekundu, meno yote nje.

"Amekula?" nikamuuliza.

"Amegeuza kiti," akasema. "Amekula yake, amekula ile ingine ya kwako ulikuwa unaacha mu sahani, na anauliza kama bako na ingine."

Papa Saidi akatupa eproni begani akaenda kukanda unga. Ya pili ilipotoka, jibini lote lililobaki nyumbani mle lilikuwa juu yake, namshuku sana kwamba hata la kesho alilitia. Mhudumu aliipeleka mwenyewe, akiwa ameshika sinia kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mwambie mjomba hivi, na umwambie mbele ya wale wanaomcheka: nyumba ipo, piza ipo, jiko ni kubwa kweli, na jibini linavutika kama alivyosema, siku ndege ikifika. Alichoongeza ni ukubwa, na machozi. Kama sifa zake ni za haki? Mimi sasa siwezi tena kuhukumu, nimeshanunuliwa. Muulizeni mama yake Bolumbu, ambaye hana deni na mtu. Alipokuwa anavuka kurudi Lubunga alimwambia mumewe kwamba ni mkate mzuri, wenye chumvi ya kutosha na moshi mzuri, lakini angekuwa yeye ndiye mpishi angetandika chini yake lituma, ndizi za kupondwa, badala ya ule unga, watu washibe. Papa Lotika ameahidi kulifikisha shauri hilo kwa Papa Saidi akipeleka kuni. Nami naogopa kwamba litasikilizwa.

Nisalimie baba mdogo, mwambie dawa ya kifua nitamtumia kwa mtu wa mchele. Nisalimie mjomba, msema kweli. Nisalimie shangazi yetu mkunga, na mwalimu wangu wa chuo, mwambie bado nasoma. Nisalimie jirani yetu fundi cherehani, naye aanze kunipimia kanzu kwa kukisia, ila aongeze kwapani. Wewe dada Mwavita najua umecheka kabla ya mahali pa kucheka. Wabusu watoto wako.

Mama, limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nikae chini leo niandike kabla mafuta ya taa hayajaisha. Uliniandikia mara moja, na ukasema nisikasirike, kwamba hata wakinikubali wewe hutaweza kukaa nyumbani kwao, kwa kuwa hujui sufuria za watu wa mto zimepikiwa nini. Sikukasirika. Wala sikumwambia mtu, hata Bolumbu. Sasa sikiliza. Kabla hawajarudi Yanonge, mama yake Bolumbu alipita sokoni, akanunua sufuria mpya yenye kifuniko. Akaifunga kwenye kipande cha kitenge, akampa Bolumbu aiweke juu ya kabati, mtu asiiguse. Akasema, "Hii haijaingia kitu ndani. Ni ya mama yake. Mimi na huyu mutoto hatutakula pamoja mpaka nikufe, ni vile. Lakini mama yake, nataka tukule naye mu sahani moja."

Panda lori mpaka Kindu, mama, kisha boti ya Ubundu, kisha treni. Nitakuwa nimesimama Lubunga, stesheni, nakungoja.

Ni mimi mwanao, ambaye bado anaogopa fimbo yako,
Ramazani